Kufufua Pampu za Klachi za MGB na Ndugu Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanaihusu zaidi MGB, gari dogo la michezo lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980. Zilitoka zaidi ya 500,000, na nyingi bado ziko barabarani au zimelala bandani zikisubiri mtu mwenye subira. Mwenye MG Midget, Triumph Spitfire au Triumph za TR atapata mengi ya kumfaa pia. Pale mambo yanapotofautiana nimesema.

Ninaposema pampu ya juu, namaanisha ile inayosukumwa na pedali. Pampu ya chini ni ile iliyofungwa kwenye giaboksi, inayopokea mafuta kutoka ya juu na kuisukuma klachi.

Nitajuaje kwamba shida iko kwenye pampu, si kwenye klachi yenyewe?

Pima kabla hujanunua chochote. Injini ikiwa imezimwa na gari limekaa kwenye stendi (jeki peke yake haitoshi, usiingie chini), mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho huku mwingine akiangalia kijiti kinachotoka kwenye pampu ya chini na kusukuma foki ya klachi (mkono unaoifanya klachi iachie). Weka rula kando yake. Kwenye MGB iliyo sawa, kijiti hicho husogea karibu nusu inchi, yaani milimita 12 au 13. Kama kinafika hapo na gia bado zinakwaruza, pampu hazina kosa na raba mpya (zile za kuziba mafuta ndani ya pampu) hazitakusaidia: kosa liko ndani, kwenye klachi yenyewe. Kikisogea milimita 8 au 9, basi ama kuna upepo (hewa iliyoingia kwenye mafuta), ama raba zimechoka, ama pini zimelika.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu kosa hapa lina gharama kubwa. Ili kuifikia klachi ya MGB, injini lazima itoke, peke yake au pamoja na giaboksi. Kwenye TR4 hadi TR6 na Spitfire angalau giaboksi hutokea ndani ya gari, baada ya kung'oa viti na kifuniko cha katikati. Kwa vyovyote vile, ni kazi ya kuchosha kuifanya bure kwa sababu ya raba ndogo iliyochanika.

Gia zinakwaruza. Je, hiyo peke yake ni dalili ya pampu mbovu?

Inategemea gia ipi. MGB za mwanzo, hadi zile za 1967, hazina sinkro (kifaa cha kulinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo ukiingiza ya kwanza gari likiwa bado linatembea litakwaruza hata kama klachi ni mpya. Jaribu kwa rivasi, ambayo haina sinkro kwenye gari lolote kati ya haya. Gari limesimama, injini inazunguka taratibu, kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi tano, halafu ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikipiga kelele, haiachii kabisa.

Kwa nini upepo kidogo tu unaharibu kila kitu?

Kwa sababu mfumo huu haukuachiwa akiba. Pampu ya juu ya MGB ina kipenyo cha inchi 0.75, ya chini inchi 1.25. Ukilinganisha maeneo ya pistoni hizo mbili, ya juu ni asilimia 36 tu ya ile ya chini. Nguvu ya mguu wako inaongezeka karibu mara 2.8, ndiyo maana unaweza kukanyaga springi nzito ya klachi bila kuchoka, lakini mwendo unapungua kwa kiwango hichohicho: pistoni ya juu ikisogea milimita 10, ya chini inasogea 3.6. Ili upate ile nusu inchi kule chini, unahitaji karibu milimita 35 juu, na pedali haina mwendo mwingi zaidi ya huo wa kukupa. Upepo hubanwa kabla ya pistoni ya chini kuanza kusogea, na mwendo uliotumika kuubana umepotea.

Hesabu hiyohiyo ndiyo sababu usikubali pampu ya "karibu sawa". Pampu ya juu yenye kipenyo kidogo zaidi itaifanya pedali iwe laini na ya kupendeza, na klachi haitaachia kamwe.

Nimebadilisha pampu zote mbili, nimetoa upepo mara nyingi, na bado mwendo hautoshi. Nini kimebaki?

Pini. Ningependa kila mtu angeanza nazo, maana ndizo zinazosahaulika kuliko kitu chochote.

Pedali imeunganishwa na kijiti cha pampu ya juu kwa pini ya inchi 5/16 inayopita kwenye tundu la pedali. Baada ya miaka 40 au 50 bila grisi, tundu lililokuwa duara huwa limekuwa yai, na pini yenyewe imelika katikati mpaka ina kiuno. Itoe uishike mwangani: utaona sehemu mbili nene na moja nyembamba, na ukipitisha ukucha utausikia mwanzo wa kiuno hicho. Kila milimita iliyolika ni milimita ambayo pedali inasogea bila pistoni kujua. Kwenye kijiti cha pampu ya chini, pale kinaposhikana na foki, kuna pini nyingine, nayo ina hali ileile, na huko hasara ni mbaya zaidi kwa sababu milimita ya chini ina thamani ya karibu milimita tatu za juu.

Pini mpya ni kitu cha bei ndogo. Tundu la pedali lililopanuka lijazwe kwa weldi na kutobolewa upya, au liwekewe bushi. Kutia pini mpya ndani ya tundu la yai kunasaidia nusu tu.

Nibadilishe raba tu au ninunue pampu mpya?

Kama pampu zilizofungwa ni za asili na ndani hazijatoboka kwa kutu, mimi hupendelea raba. Chuma cha zamani mara nyingi ni kizuri kuliko cha nakala za siku hizi, na hata kijiti cha pampu ya asili una hakika kina urefu unaotakiwa. Kama ndani kuna mashimo ya kutu, raba mpya zitadumu wiki chache. Hapo una njia mbili: pampu mpya, au kuipeleka ya zamani ikatobolewe na kuingizwa ganda la shaba au la chuma kisichoshika kutu. Ganda ni suluhisho la muda mrefu, hasa kwa gari linalolala miezi mingi.

Usinunue raba zilizokaa kwenye stoo tangu enzi za kiwanda, hata kama boksi lake linavutia. Mpira unazeeka hata usipotumika.

Naweza kutengeneza ile inayovuja tu?

Unaweza, na baada ya muda mfupi utarudi chini ya gari. Raba zote mbili zina umri mmoja, na ile mpya ikianza kusukuma vizuri, ya zamani ndiyo inayosalimu amri. Fanya zote mbili, na hozi, lile bomba la mpira linaloingia kwenye pampu ya chini.

Pampu zinatolewaje?

Anza kwa kunyonya mafuta kwenye kopo la pampu ya juu kwa bomba la sindano. Funika rangi ya gari kwa matambara yaliyolowa maji. Mafuta ya breki ya kawaida hubabua rangi, na tone moja likikaa usiku kucha linaacha alama ambayo hautaifuta.

Kwenye MGB kuna kifuniko cha bati juu ya boksi la pedali, karibu na kioo cha mbele. Fungua skrubu zake upate kuifikia pini ya kijiti. Toa kotapini, vuta pini, fungua nati ya bomba, halafu bolti mbili zinazoshika pampu. Bolti iliyo chini inahitaji mkono mwembamba na lugha ya upole. Nyuzi ni za UNF (kipimo cha inchi) na spana ni za inchi. Spana ya milimita inayokaribiana itakula pembe za nati ya bomba, kwa hiyo tumia ile spana ya mabomba inayoishika nati pande zake karibu zote.

Pampu ya chini inashikwa na bolti mbili kwenye giaboksi. Legeza hozi kabla hujaifungua pampu, ikiwa bado ina kitu cha kuishikilia. Na hili likumbukwe: pampu ya chini ikiwa imening'inia, mtu yeyote asikanyage pedali. Pistoni itaruka nje na mafuta yote yatafuata.

Nitakuta nini ndani?

Ukivua raba ya vumbi ya pampu ya chini iliyochoka, kwanza unakutana na tope jeusi zito. Hilo ni mafuta ya zamani, maji, na mpira uliosagika. Futa, halafu toa saklipu kama ipo. Pistoni ikikwama, isukume kwa upepo wa kompresa kidogo sana kupitia tundu la hozi, mdomo wa pampu ukiwa umezungushiwa tambara nene na kuelekezwa kwenye mbao. Sitanii: pistoni hiyo inaweza kutoka kwa kasi ya kuvunja kidole.

Osha kila kitu kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na mafuta ya injini yasikaribie. Raba hizi zikiguswa nayo huvimba na kulainika. Kisha tazama ndani kwa tochi. Mara nyingi kuna pete ya giza pale ambapo raba ilikaa kwa miaka gari likiwa limesimama. Pitisha ukucha juu yake. Kama ni doa tu, ukucha utateleza. Kama unakwama, hilo ni shimo.

Madoa madogo nayaondoaje?

Kwa msasa laini wa namba 600 uliolowa mafuta ya breki, ukizungusha kwa kidole kufuata mviringo wa pampu. Usiuvute kwa urefu: mikwaruzo ya urefu ni mifereji ya kuvujishia. Honi ya vidole vitatu (kifaa cha mawe ya kusugulia kinachozungushwa na drili) pia inafaa, kwa sekunde chache tu. Lengo ni kusafisha, na ukijikuta unaendelea kukwangua ili shimo liishe, tayari pampu hiyo imekwenda. Kama mwili wake ni wa alumini, acha kabisa kuhoni, kwani ngozi ngumu ya juu ikitoka kinachobaki ni laini na kitaliwa haraka.

Raba zinaelekea wapi?

Mdomo wa raba siku zote unaelekea upande wenye presha. Ukiukumbuka huo, hutapotea. Kwenye pampu ya juu ya MGB, kinachoingia kwanza ni springi na kikombe chake, halafu raba kuu ikitanguliza mdomo, kisha washa nyembamba inayokaa kati ya raba na pistoni, halafu pistoni yenye raba ya pili, ambayo mdomo wake nao unaelekea ndani. Mwisho kijiti, washa ya kuzuia na saklipu. Washa ile nyembamba ni rahisi kubaki mezani. Bila yake raba kuu inajisukuma kwenye vitundu vya pistoni na kujikata.

Paka kila raba mafuta mapya ya breki au grisi nyekundu ya mpira kabla ya kuiingiza, na usaidie mdomo wake kwa kidole ili usijikunje. Bisibisi isitumike hapa.

Pampu za TR6 na Spitfire, zilizotengenezwa na kampuni ya Girling, ni tofauti: zina vali katikati, na pistoni inaifungua kwa kuivuta inaporudi nyuma. Kabla ya kuivunja, piga picha ya jinsi kikombe cha springi kinavyoshika kichwa cha pistoni.

Kwenye seti kuna vali ndogo ambayo sikuitoa kwenye pampu yangu. Inakaa wapi?

Haikai popote. Baadhi ya seti za raba hutumika pia kwa breki za ngoma, na vali hiyo hubakiza presha kidogo kwenye mabomba ya breki. Kwenye klachi presha hiyo ingeifanya beringi (ile inayosukumwa na foki) iendelee kusukuma sahani ya klachi muda wote. Beringi ya MGB ni ya kaboni, inasuguana badala ya kuzunguka, na itakwisha upesi. Kwa sababu hiyohiyo, ukisimama kwenye taa weka gari huru na utoe mguu.

Je, nirekebishe urefu wa kijiti?

Pampu ya chini ya MGB haina marekebisho. Inajipanga yenyewe klachi inavyolika. Juu, hakikisha kuna mlegeo mdogo sana kabla kijiti hakijaigusa pistoni. Pistoni isiporudi mpaka mwisho, kitundu kinachounganisha pampu na kopo hakifunguki, mafuta yakipata joto yanatanuka bila pa kwenda, na klachi inaanza kuteleza safarini.

Mafuta gani yanafaa?

DOT 4 inatosha kwa karibu kila mtu. Viwango vya chini vya kuchemka ni nyuzi 205 kwa DOT 3 mpya, 230 kwa DOT 4, na 260 kwa DOT 5 na DOT 5.1. Yakishanyonya maji, vinashuka hadi 140, 155 na 180. Klachi haipati joto la breki, kwa hiyo tofauti hizo hazikuhusu sana. Kinachokuhusu ni yale maji, maana ndiyo yanayotoboa chuma. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei, na hasa kama halitembei.

DOT 5 ni ya silikoni. Hainyonyi maji na haiharibu rangi, ndiyo maana wenye magari ya maonyesho wanaipenda. Lakini ukiitikisa inashika viputo vidogo vinavyochukua muda kutoka, na haichanganyiki na nyingine hata moja. DOT 5.1, pamoja na jina lake, ni ya familia ya DOT 4. Ukitaka kuhamia silikoni, hamia siku ambayo raba zote ni mpya na mabomba yameoshwa na kukauka.

Vitabu vya zamani vya magari yenye mfumo wa Girling vinadai mafuta ya Girling pekee, kwa sababu raba za wakati huo zilikuwa za mpira wa asili. Ukishaweka seti mpya, fuata maelekezo ya seti hiyo.

Hozi inaonekana nzima. Kweli niibadilishe?

Ndiyo. Hozi huoza kuanzia ndani. Ikivimba inapopata presha, inakula mwendo wako kama upepo ulivyofanya. Ikiziba, klachi inachelewa kurudi na gari linateleza. Kwa nje haionyeshi lolote kati ya hayo.

Upepo unagoma kutoka. Nifanyeje?

Kwanza angalia nipeli, ile skrubu yenye tundu ya kutolea upepo. Lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya pampu ya chini. Kwenye TR, pampu ikifungwa vibaya au nipeli ikibadilishana tundu na hozi, nipeli inabaki chini, na unaweza kukanyaga pedali mpaka kesho upepo ukiwa umetulia juu yake.

Njia ya kukanyaga na kufungua mara nyingi haitoshi hapa, kwa kuwa mafuta yanakwenda taratibu na viputo vinapanda kurudi vilikotoka. Ninayoiamini ni ya kusukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Punguza mafuta kwenye kopo la klachi. Chukua kimpira safi kinachopenyeza mwanga, upande mmoja uuchomeke kwenye nipeli ya breki ya gurudumu la mbele. Fungua nipeli hiyo, kanyaga breki taratibu mpaka kimpira kijae bila viputo, halafu upande wa pili uuchomeke kwenye nipeli ya klachi na uifungue. Sasa mtu akanyage breki polepole. Kabla hajaachia pedali, nipeli ya breki ifungwe, ifunguliwe tena kwa mkanyago unaofuata. Mafuta yatapanda, na utaona viputo vikitokea kwenye kopo la klachi. Mwangalizi akae hapo na tambara, maana kopo hujaa ghafla, na mwingine aangalie kopo la breki lisikauke. Njia hii ni kwa magari yenye mafuta masafi ya aina moja pande zote mbili. Kama mafuta ya breki ni meusi, yabadilishe kwanza.

Ukifanya kazi peke yako, kuna hila nyingine: rudisha pistoni ya pampu ya chini hadi mwisho, uibane hapo kwa klampu ndogo, ndipo utoe upepo. Nafasi ya upepo kujificha inakuwa ndogo.

Pedali ni nzuri, lakini nikiishikilia chini gari linaanza kutambaa. Hakuna kinachovuja.

Raba kuu ya pampu ya juu inapitisha mafuta ndani kwa ndani na kuyarudisha kwenye kopo. Ndiyo maana sakafu ni kavu na kiwango hakipungui.

Nina TR6, kijiti kinasogea vizuri, na bado klachi haiachii.

Pole. Foki ya klachi ya TR4 hadi TR6 imefungwa kwenye shafti yake kwa pini moja yenye kichwa cha mraba, na pini hiyo ina sifa mbaya ya kukatika. Shafti inazunguka, foki haifuati vizuri. Giaboksi itatoka. Ikishatoka, mafundi wengi hutoboa na kuweka pini ya pili upande mwingine wa foki, na kufunga waya wa kuzuia ile ya kwanza isilegee.

Nikimaliza, nikague nini?

Pima tena ule mwendo wa kijiti uandike namba, ili siku klachi ikibadilika uwe na cha kulinganishia. Wacha gari lilale usiku mmoja na karatasi nyeupe chini ya giaboksi. Baada ya wiki ya kuendesha, inua ukingo wa raba ya vumbi ya pampu ya chini kwa kidole. Unyevunyevu wa grisi nyekundu ni sawa, tone la mafuta si sawa. Ndani ya gari, pitisha kidole nyuma ya pedali, pale juu kijiti kinapoingilia. Pampu ya juu ikivuja, hutelemsha mafuta kwenye pedali yenyewe na kuyaficha kwenye zulia, na mara nyingi mwenye gari hugundua pale soli ya kiatu inapoanza kunata.